Usifute Kabla ya Kuripoti: Namna Kampuni za Mtandao Zinavyoitumia Taarifa Yako



Somo hili tumeliandaa kwa kuwafikiria wakazi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ingawa yaliyomo yanamhusu kila mwenye simu. Katika wilaya hizi sehemu kubwa ya fedha za kaya hufika kwa misimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na minada ya korosho huanza mwezi Oktoba. Mkulima hupeleka mazao yake katika chama cha msingi, mazao yakahifadhiwa ghalani, na Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, husimamia mauzo kwa njia ya mnada. Mnada ukimalizika, mkulima hungoja malipo, na mara nyingi habari za malipo humfikia kupitia simu yake ya mkononi.

Kipindi hicho cha kungoja ndicho ambacho ujumbe wa uongo una nafasi kubwa ya kuaminiwa, kwa kuwa unamkuta mtu akiwa anausubiri ujumbe wa kweli. Anayekosea kwa dakika moja anaweza kupoteza kazi ya mwaka mzima: palizi, kupulizia salfa, kuokota na kubeba.

Baada ya kulisoma somo hili utaweza kueleza namna kampuni za mtandao zinavyoutambua ujumbe taka, kutofautisha kuzuia, kuripoti na kulalamika, na kujua la kufanya pale huduma unayoitumia inapobadilishwa bila wewe kuulizwa.

1. Ujumbe taka ni nini

Ujumbe taka ni ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Tatizo hili lina umri mrefu kuliko simu zetu. Mwezi Mei mwaka 1978, mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani alituma tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 katika mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Wakati huo hapakuwa na mashine ya kuchuja barua. Kilichofanya kazi ni malalamiko ya waliopokea, na mtumaji akakaripiwa. Zaidi ya miaka 40 imepita, mashine zimekuwepo, lakini chanzo cha nguvu zake bado ni kilekile: mpokeaji anayesema, "Hiki sikukiomba."

Ujumbe taka upo wa aina mbili. Aina ya kwanza ni matangazo ya biashara, ambayo husumbua bila kuiba. Aina ya pili ni utapeli, na mfano wake unajulikana nchi nzima: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Anayeandika hivyo hajui kama unadaiwa. Ametuma maneno hayohayo kwa watu wengi, akitegemea kwamba miongoni mwao yupo mzazi aliyekuwa karibu kutuma ada ya mwanawe, au mfanyabiashara anayedaiwa nauli ya gari lililobeba magunia yake. Kwa wapokeaji wengine wote ujumbe huo hauna maana, hivyo wanaufuta na kuendelea na shughuli zao. Kwa mmoja unafika kwa wakati wake, naye ndiye anayeibiwa.

Tuone basi mazoea hayo ya kufuta yana matokeo gani. Wengi walioutambua utapeli wamekaa kimya. Mmoja asiyeutambua ameumia. Laiti wachache kati ya wale wa kwanza wangetoa taarifa, namba hiyo ingeweza kufungiwa kabla ya kumfikia yule wa mwisho.

2. Kampuni inaona nini, na nini haioni

Watumiaji wengi hudhani kwamba kampuni yenye mtandao huona kila kitu kinachopita humo, na hivyo taarifa yao haina kazi. Dhana hiyo si sahihi.

Tuchukue mfano wa WhatsApp. Tangu mwaka 2016 ujumbe unaotumwa humo hufumbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Huo ni ulinzi mzuri wa faragha yako. Hata hivyo, ufumbaji huohuo unamfunika pia tapeli. Kampuni inaweza kuona kwamba namba iliyosajiliwa leo asubuhi imetuma ujumbe kwa mamia ya watu kabla ya adhuhuri. Inaweza kuona kwamba wengi wa waliotumiwa wameizuia. Maneno yaliyoandikwa haiyaoni, mpaka mmoja wa waliotumiwa ayaonyeshe.

Kuyaonyesha ndiko kuripoti. Unapobonyeza "Ripoti", kampuni hupokea hadi jumbe tano za mwisho ulizotumiwa na namba hiyo, ili izipime. Aliyeripotiwa haambiwi kwamba wewe ndiye uliyetoa taarifa. Hii ni nukta muhimu kwa wanaohofia ugomvi na watu wanaowafahamu.

Huduma za barua pepe hufuata mantiki hiyohiyo. Mtumiaji anapoiweka barua katika kundi la taka, mtambo hujifunza kwamba barua zinazofanana nayo zinafaa kuzuiliwa. Anapoitoa humo na kusema si taka, mtambo hujifunza pia kwamba umekosea. Kwa hiyo chunguza kisanduku cha taka mara kwa mara, hasa unapongoja majibu ya maombi ya kazi, mkopo au chuo. Barua ya kweli huweza kutupwa humo kimakosa, na wewe ndiye unayeweza kuusahihisha mtambo.

Hapa tunaomba uadilifu. Kitufe cha kuripoti hakikuwekwa kwa ajili ya kulipiza kisasi kwa jirani mliyekosana naye katika kundi la kijiji. Taarifa za uongo zikiwa nyingi, zile za kweli hupungua uzito.

3. Kuzuia, kuripoti na kulalamika

Maneno haya matatu huchanganywa, na mkanganyiko huo huwagharimu watu.

Kuzuia ni kufunga mlango wako. Namba uliyoizuia haikufikii tena, lakini inaendelea kuwafikia wengine. Kuzuia kunakulinda wewe peke yako.

Kuripoti ni kutoa taarifa kwa mwenye uwezo wa kuifungia namba hiyo kwa watu wote. Kuripoti kunamlinda jirani yako, pamoja na yule usiyemjua ambaye angefuata katika orodha.

Kulalamika ni kudai haki yako mwenyewe: fedha zako zilizotumwa kimakosa au kwa udanganyifu, kifurushi kilichokatwa bila maelezo, akaunti iliyofungwa bila sababu. Lalamiko linadai jibu, na lazima liwe na kumbukumbu.

Kuripoti hakurejeshi fedha. Mtu aliyeibiwa akaripoti namba ya tapeli, kisha akakaa kungoja fedha zake zirudi, atangoja sana, kwa sababu hajalalamika popote. Vilevile aliyelalamikia fedha zake peke yake bila kuiripoti namba ameiacha namba hiyo iendelee na kazi.

Tofauti nyingine inahusu ni nani unayemwendea. Kampuni za simu zinazofanya kazi Tanzania zina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hizo zinawajibika kwako hapa nchini, na zina ngazi za rufaa tutakazozieleza. Kampuni nyingi za mitandao ya kijamii zina makao yake ng'ambo. Hazina kaunta Nachingwea wala Ruangwa ambayo mtu anaweza kwenda kuinamia na kueleza shida yake. Kwao, kitufe cha "Ripoti" na ukurasa wa "Msaada" ndiyo kaunta. Asiyevitumia ni sawa na mteja aliyeudhika akaondoka dukani bila kusema neno. Muuzaji atahesabu kwamba ameridhika.

4. Kipengele kipya kinapoletwa

Kampuni za mtandao hubadilisha huduma zake mara kwa mara. Kwa kawaida kipengele kipya hujaribiwa kwanza kwa watumiaji wachache, kisha hupanuliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana simu ya mwenzako inaweza kuwa na kitu ambacho yako haina, nayo si mbovu. Katika majaribio hayo kampuni hupima mambo mawili: watu wangapi wanakitumia kipengele hicho, na wangapi wanakilalamikia.

Mfano unaofahamika na wengi ni alama mbili za buluu za WhatsApp, zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Zilianzishwa mwezi Novemba mwaka 2014. Watumiaji wengi walizilalamikia, wakisema mtu anayo haki ya kusoma ujumbe bila kulazimika kujibu papo hapo. Kampuni ikaongeza uwezo wa kuzizima. Uwezo huo upo hadi leo katika sehemu ya faragha, nao ulipatikana kwa sababu watu walisema.

Mfano wa pili unahusu usalama. Kwa miaka mingi mtu yeyote mwenye namba yako aliweza kukuingiza katika kundi bila idhini yako, na wapo waliojikuta ndani ya makundi ya "uwekezaji" na "mikopo ya haraka" wasiyoyajua. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka mpangilio wa kuchagua nani anayeweza kukuingiza katika kundi. Tunakushauri uutumie leo: fungua Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi, na uchague watu uliowahifadhi katika simu yako pekee.

Mfano wa tatu unahusu uvumi. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyapelekea ujumbe mmoja kwa mpigo, ikawa matano duniani kote. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, ujumbe ambao tayari umesambazwa mara nyingi ukawekewa ukomo wa zungumzo moja kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Ukomo huo haukumzuia mtu kusema alitakalo. Ulimpunguzia tu kasi, naye akapata nafasi ya kufikiri.

Lakini vipengele vipya ni chambo pia. Tangu mwaka 2016 umekuwa ukizunguka ujumbe unaowaalika watu kupakua "WhatsApp ya dhahabu", yenye uwezo ambao wengine hawana. Toleo hilo halijawahi kutolewa na kampuni. Kanuni ni moja: sasisha programu kupitia duka rasmi la programu lililomo katika simu yako, na kamwe usisasishe kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa, hata kama aliyekutumia ni ndugu. Huenda akaunti ya ndugu huyo nayo imeshaibwa.

5. Watumiaji waliposema, nini kilibadilika

Mwaka 2021 ulitupatia mifano miwili, mmoja wa dunia na mmoja wa nyumbani.

Mwezi Januari mwaka huo WhatsApp iliwatangazia watumiaji masharti mapya ya faragha, ikawataka wayakubali ifikapo tarehe 8 Februari. Watu wengi walipinga, na wengine wakahamia huduma nyingine. Kampuni ikalazimika kuahirisha hadi tarehe 15 Mei na kutoa maelezo zaidi. Masharti hayakufutwa, lakini watumiaji walipata muda wa kuyasoma na maelezo ambayo hawakuwa wamepewa mwanzoni.

Hapa nchini, tarehe 2 Aprili mwaka 2021 kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika. Zilitokana na malalamiko ya muda mrefu ya watumiaji, na zilikuwa na mambo yenye manufaa, kama vile mtumiaji kujulishwa matumizi ya kifurushi chake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Hata hivyo, siku hiyohiyo watu walikuta bei za vifurushi vya intaneti zimepanda. Malalamiko yakawa makubwa, na Serikali ikaelekeza vifurushi vya awali virejeshwe.

Mifano hii haimaanishi kwamba kila lalamiko hushinda. Inaonyesha kwamba mtoa huduma hupima hali kwa kile kinachomfikia. Manung'uniko ya kibarazani, hata yawe ya haki kiasi gani, hayamo katika hesabu zake.

6. Hatua za kufuata

Unapopokea ujumbe wa utapeli:

Kwanza, usijibu na usibonyeze kiungo chochote. Jibu lako, hata likiwa tusi, linamthibitishia tapeli kwamba namba yako inatumika.

Pili, usiufute. Ujumbe uliofutwa hauwezi kuripotiwa. Kama una simu janja, upige picha ya skrini; kama una simu ya kitochi, andika namba, tarehe na saa kwenye karatasi.

Tatu, ripoti. Ujumbe mfupi wa kawaida upeleke kama ulivyo kwenda namba 15040, kisha fuata maelekezo ya kutuma namba iliyokutumia. Hili linawezekana hata kwa simu ya kitochi. Ujumbe wa WhatsApp au mtandao mwingine uripoti humo humo ndani ya huduma.

Nne, zuia namba hiyo. Sasa unaweza kuufuta ujumbe.

Ukipigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, kumbuka kwamba namba ya huduma kwa wateja ni 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kukuomba namba ya siri, au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako, ni tapeli. Vilevile piga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta laini usiyoitambua, mweleze mtoa huduma aiondoe. Laini hiyo inaweza kutumika kutapeli watu kwa jina lako.

Kama fedha zimeshatoka, usipoteze muda kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Piga 100 mara moja na uombe fedha hizo zizuiwe, kisha toa taarifa katika kituo cha polisi. Maelezo yako yanaweza kuwa mafupi kama haya:

"Tarehe … saa …, nilituma shilingi … kutoka namba … kwenda namba … baada ya kudanganywa. Kumbukumbu namba ya muamala ni …. Naomba fedha zizuiwe wakati suala hili likichunguzwa, nami nipewe namba ya lalamiko langu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Bila namba ya lalamiko huwezi kuthibitisha baadaye kwamba ulilalamika.

Mtoa huduma asipokuridhisha, peleka lalamiko lako TCRA ukiambatisha namba hiyo na majibu uliyopewa. Usiporidhika na uamuzi wa Mamlaka, ipo ngazi ya Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasilisha maslahi ya watumiaji mbele ya Mamlaka, Serikali na watoa huduma.

7. Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Zingatia neno "kusambaza": anayeupeleka mbele ujumbe wa utapeli akijua ulivyo hawezi kujitetea kwamba hakuuandika yeye.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inahusu matangazo. Mfanyabiashara anatakiwa kupata ridhaa yako, kujitambulisha mwanzoni mwa ujumbe, na kukupa njia ya kukataa usitumiwe tena. Tangazo lisilo na njia ya kujitoa lina kasoro ya kisheria, na unaweza kulilalamikia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara. Namba ya simu uliyoiandika katika daftari la mafunzo au fomu ya pembejeo ilichukuliwa kwa kusudi maalumu. Haipaswi kugeuzwa bidhaa.

8. Maswali ya kujadili katika kikundi

Maswali haya yanafaa kwa mikutano ya vyama vya msingi, vikundi vya kuweka na kukopa, na madarasa ya sekondari.

(a) Kwa nini ufumbaji wa ujumbe unaongeza umuhimu wa mtumiaji kuripoti?

(b) Mwanachama mmoja alitumiwa ujumbe usemao malipo yake ya korosho yamezuiliwa mpaka atume shilingi 10,000 za "uhakiki". Hakutuma, aliizuia namba na kuufuta ujumbe. Ni lipi alilofanya vizuri, na ni lipi lililobaki?

(c) Kila mshiriki afungue simu yake aonyeshe ni nani anaweza kumwingiza katika kundi. Wangapi hawajawahi kuubadilisha mpangilio huo?

(d) Taja jambo moja unalolinung'unikia katika huduma unayoitumia. Je, umeshalifikisha kwa mtoa huduma? Kama bado, liandikeni pamoja leo, na mmoja wenu alitume kabla ya kikao kufungwa.

Msimu wa mnada utakapofika, simu zitaita na jumbe zitaingia, za kweli na za uongo. Sisi wadhibiti tunazo sheria, na kampuni zinazo mashine, lakini wa kwanza kuuona ujumbe huo ni wewe. Ukiutambua, chukua dakika mbili uuripoti kabla ya kuufuta, kwani yupo mwenzako ambaye bado hajaupokea.